Gurudumu la kina Studebaker

Katika gari la farasi, kazi ngumu kuliko zote ni gurudumu. Sanduku la mizigo atalimaliza seremala yeyote mwenye msumeno mkali, lakini gurudumu linawataka seremala na mhunzi wakubaliane mpaka unene wa ukucha. Ndiyo maana naipenda historia ya kina Studebaker wa South Bend, katika jimbo la Indiana, Marekani. Wengi wanawakumbuka kwa magari ya injini. Mimi nawaona kwanza kuwa mafundi wa magurudumu.

Baba yao, John Clement Studebaker, alikuwa mhunzi na mtengeneza magari huko Pennsylvania. Gari aina ya Conestoga alilolitengeneza mwenyewe ndilo lililoihamisha familia kwenda Ohio katika miaka ya 1830. Sakafu ya magari hayo imebonyea katikati kama tumbo la mashua, ili mizigo isiporomokee upande mmoja mlimani. Wanawe walikulia kwenye fuawe na mivukuto. Februari 1852, wawili kati yao, Henry na Clement, walifungua karakana yao South Bend wakiwa na mtaji wa dola 68.

Tulitazame basi gurudumu lenyewe. Mti hukatwa, hupasuliwa, kisha huachwa ukauke kivulini kwa miaka. Hapo hakuna njia ya mkato. Kila njiti huchongwa ulimi, ukapigwa nyundo kuingia kwenye tundu la kitovu, bila gundi wala msumari. Halafu mhunzi hukunja pete ya chuma, na kwa makusudi huifanya iwe ndogo kidogo kuliko gurudumu. Huichoma mpaka iwe nyekundu na itanuke, huivalisha upesi, kisha humwaga maji. Chuma kikisinyaa hukaza kila kiungo, na mti hulia ukibanwa.

Njiti nazo hazisimami sawasawa na kitovu. Huegemea nje kidogo. Mwendo wa farasi huyumbisha mzigo kulia na kushoto, na gurudumu bapa lingesukumwa ubavuni hadi njiti zing'oke. Kisha ncha ya ekseli huinamishwa kuelekea chini, kwa hiyo kila njiti inapofika chini, penye uzito, husimama wima kabisa. Inaegemea ikiwa juu, inasimama inapobeba. Sijui ufundi wa mti unaonipa furaha zaidi ya huu.

Na haukuwa urembo. Katika nyanda kavu za magharibi ya Marekani, mti usiokauka vizuri ulinywea, pete ikalegea, na wasafiri wakalazimika kuloweka magurudumu mtoni au kugongomea vipande vya mti chini ya chuma. Gari likivunjika huko, familia nzima ilikuwa hatarini.

Ndugu mwingine, John Mohler, alikwenda California mwaka 1853 wakati wa homa ya dhahabu. Hakuchimba. Alikaa Placerville akiwatengenezea wachimbaji matoroli, mpaka wakambandika jina la Johnny wa Matoroli. Mwaka 1858 alirudi na dola 8,000 za akiba, akainunua sehemu ya Henry. Fedha hizo ziliikuza karakana ikawa kiwanda. Zikafuata oda za jeshi la Muungano, yaani la kaskazini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na mioto miwili mikubwa ya miaka ya 1870 ambayo haikuwazuia kujenga upya.

Mwaka 1902 waliuza magari yao ya kwanza yasiyovutwa na farasi. Yalitumia umeme wa betri, na Thomas Edison alikuwa miongoni mwa wanunuzi. Ya petroli yalianza mwaka 1904. Chasi zilitoka kwa Garford wa Ohio, bodi zikawa za Studebaker. Chini yake mlikuwa na njiti za mti, kwa kuwa magari ya siku hizo yalitembea juu ya ufundi uleule wa seremala, ila sasa yakiwa na mpira juu ya rimu. John Mohler aliyaona yote, tangu toroli hadi injini. Alifariki mwaka 1917. Mwaka 1920 kampuni iliacha kutengeneza magari ya farasi.

Miaka iliyofuata ina mengi: kufilisika mwaka 1933 na kufufuka, na malori ya US6 yaliyopelekwa kwa wingi Umoja wa Kisovieti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ninalotaka kulitaja ni gari la Avanti, la mwaka 1962, lililobuniwa na kundi la mbunifu Raymond Loewy. Bodi yake ilikuwa ya nyuzi za kioo, na vipande vyake vilikataa kukutana vizuri. Magari yakachelewa, wateja wakachoka kusubiri. Kiwanda cha South Bend kilifungwa Desemba 1963, na cha Hamilton, Kanada, Machi 1966.

Lakini wauzaji wawili wa magari ya Studebaker pale pale South Bend, Nathan Altman na Leo Newman, walinunua haki za Avanti pamoja na sehemu ya majengo ya zamani. Kuanzia mwaka 1965 waliliunda upya kwa mkono, machache machache. Mteja alijichagulia rangi na kitambaa cha viti, na vipande vya bodi vilisuguliwa kimoja kimoja mpaka vikakutana.