Sheria na Wafafanuzi Wake

Katika mahakama za nchi nyingi iko kanuni moja isiyomwonea mtu huruma: kutojua sheria si udhuru. Mtu akivunja sheria, hasikilizwi akisema kwamba hakupata kuisikia. Kanuni hii ina sababu yake, maana kama ujinga ungekuwa udhuru, kila mkosaji angejifanya mjinga. Lakini ina upande wa pili ambao haukumbukwi sana. Serikali inayomtaka raia aijue sheria yapasa impe njia ya kuijua. Wala haitoshi sheria ionekane kwa macho, sharti ifahamike kwa akili. Katika insha hii, msomaji, tuipime kazi ya wale wanaojitolea kuufafanulia umma sheria: ina faida gani, hukosea wapi, na mizani yake ni ipi.

Shida yenyewe ni ya kale. Katika mji wa Roma sheria zilikuwa mikononi mwa wakuu wachache, na watu wa kawaida wakanung'unika kwamba wanahukumiwa kwa mambo wasiyoyajua. Ndipo, yapata mwaka wa 450 kabla ya Kristo, sheria zikaandikwa juu ya Vibao 12 na kuwekwa hadharani. Ungedhani shida ilikwisha. Haikwisha. Mwenye daawa alihitaji kujua maneno maalumu ya kutamka mbele ya hakimu, na siku ambazo daawa ziliruhusiwa kusikizwa. Nayo maarifa hayo yalikuwa siri ya makuhani. Wanahistoria wa Roma husimulia kwamba mwaka wa 304 kabla ya Kristo karani mmoja, Cnaeus Flavius, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, aliyatangaza maneno hayo, akatundika na kalenda ya siku za mahakama katika uwanja wa mji, mahali ambapo kila mtu aliweza kuisoma. Basi tazama: tangu sheria kuandikwa hata watu kujua namna ya kuitumia, ilipita miaka karibu 150.

Siku zetu vibao hivyo vimekuwa mtandao wa intaneti. Mwaka wa 1992 Thomas Bruce na Peter Martin, wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, waliasisi taasisi ya kutangaza sheria bila malipo. Taasisi hiyo baadaye ilianzisha kamusi ya sheria iitwayo Wex, ikawaalika wajuzi wa sheria waiandikie maelezo. Kwetu Kenya, Baraza la Taifa la Kuripoti Sheria, lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1994, hutoa bure katika mtandao sheria za nchi na hukumu za mahakama. Mkenya mwenye simu hahitaji tena kubisha hodi kwa wakili ili aione sheria. Ila akiifungua, aghalabu hukuta Kiingereza, tena Kiingereza cha wanasheria. Vibao vimekwisha kutundikwa, lakini Flavius angali anahitajika.

Hata hivyo, si kila ajitoleaye kufafanua hufafanua. Chukua mfano mmoja. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inaeleza haki za mtu aliyekamatwa. Mtu mwema, akitaka kuwasaidia wenzake, huandika hivi: "Polisi hawana ruhusa ya kukuweka ndani zaidi ya saa 24, zikipita, lazima wakuachilie." Sentensi hiyo ni nyepesi na inashikika upesi. Lakini hebu tuilinganishe na Katiba yenyewe.

Kwanza, Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Saa 24 ni kikomo tu. Askari anayeweza kumfikisha mtu kortini asubuhi hana haki ya kumweka mpaka jioni kwa kuwa saa hazijatimia. Mfafanuzi wetu amempunguzia msomaji haki yake. Pili, Katiba inasema kwamba saa hizo zikiisha wakati ambao mahakama haifanyi kazi, kikomo husogea mpaka mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, saa zake 24 huisha Jumamosi jioni, milango ya mahakama imefungwa. Basi anaweza kufikishwa Jumatatu, na sheria isiwe imevunjwa. Hapa mfafanuzi amemwongezea msomaji haki asiyokuwa nayo. Tatu, Katiba haisemi kwamba saa zikipita mtu hutoka mwenyewe. Inasema afikishwe mahakamani, na huko ashtakiwe, au aelezwe sababu ya kuendelea kuzuiliwa, au aachiliwe.

Makosa matatu katika sentensi moja! Wala si makosa ya kuchekesha. Fikiri juu ya kijana aliye korokoroni siku ya Jumapili, ameishika sentensi hiyo moyoni, akagombana na askari na kujaribu kutoka kwa nguvu. Aliyeingia kwa tuhuma ndogo huenda akajipatia kosa la pili, tena kubwa kuliko la kwanza. Maelezo mabaya ya sheria yana hatari kuliko kimya, kwa maana asiyejua huuliza, lakini adhaniaye kwamba anajua haulizi.

Je, wanasheria wamesema kweli wanaposema kwamba sheria haiwezi kurahisishwa? La, sikubaliani nao. Yako maneno ambayo hayana badala, kama vile dhamana au rufani. Hayo yaachwe yalivyo, kisha yaelezwe. Lakini sentensi ndefu yenye masharti matano, na maneno matatu yenye maana moja, hayo si usahihi, ni mazoea. Jaribu mwenyewe: "Ukikamatwa, polisi wakufikishe mahakamani mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 24. Saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, wakufikishe kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Huko uambiwe mashtaka yako au sababu ya kuendelea kuzuiliwa. La sivyo, uachiliwe." Ni sentensi nne badala ya moja, na mtoto wa darasa la nane anazielewa, wala hakuna haki iliyopunguzwa au kuongezwa. Urahisi wa kweli hauogopi sentensi ya ziada.

Liko kosa jingine la kuangaliwa, nalo ni kusahau nchi na mwaka. Kamusi ya Wex ni nzuri, lakini inaeleza sheria ya Marekani; Mkenya akiitumia kujitetea Kisumu au Nakuru amechukua ramani ya mji wa wengine. Kadhalika, katiba yetu iliyotangulia iliruhusu mtuhumiwa wa kosa lenye adhabu ya kifo kuwekwa hadi siku 14 kabla ya kufikishwa mahakamani. Katiba ya 2010 haikubakiza siku hizo. Maelezo ya zamani yasiyo na tarehe yanaweza kumfanya msomaji wa leo avumilie dhuluma akidhani ni haki.

Basi mizani yetu ni hii. Maelezo mema yahifadhi masharti yote yenye uzito. Yataje nchi na mwaka. Yamwonyeshe msomaji ibara yenyewe ili ahakikishe. Na yatumie lugha anayoisema. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa Ibara ya 7 ya Katiba. Tena Ibara ya 49 inaagiza kwamba mtu anayekamatwa aambiwe sababu mara moja kwa lugha anayoifahamu. Ikiwa askari ameagizwa hivyo njiani, mwandishi aliyeketi penye meza yake atatoa udhuru gani?

Kazi hii inawahitaji watu wengi, na wewe mwanafunzi hukutengwa nayo. Wanasheria walete usahihi. Walimu walete lugha. Nawe ulete masikio ya msomaji wa kwanza. Chukua maelezo yaliyoandikwa, msomee nyanya yako au jirani mwenye duka, kisha mwombe akusimulie alivyoelewa. Akisimulia sawasawa na ibara ilivyo, maelezo yametimiza kazi yake. Akikosea, usimlaumu yeye; mrudishie mwandishi karatasi yake aandike tena.