Sauti Safi ni ya Nani?

Neno "safi" limetuharibia mazungumzo mengi ya muziki. Mtu anasikiliza gitaa la umeme, hasikii mkwaruzo, anasema: sauti safi. Basi, uhakiki umeishia hapo, kana kwamba safi ni maji yasiyo na rangi wala ladha. Sasa chomeka gitaa lile lile kwenye amplifaya ya Fender Twin Reverb, kisha kwenye Vox AC30. Zote ni za vali, zile chupa za kioo zinazowaka kwa ndani, na zote hazikwaruzi. Utasikia watu wawili tofauti kabisa wanazungumza.

Twin Reverb ilitoka California mwaka 1963. Ina vali nne za nguvu aina ya 6L6, wati 85, spika mbili za inchi 12, na uzito unaokaribia kilo 30 (wabeba vyombo vya bendi hawaipendi). Besi yake imeshiba, sauti za juu zinang'aa kama bati jipya juani, na katikati pamechimbwa shimo. Shimo hilo limo kwenye saketi ya vidhibiti vya sauti. Hata ukivipanga vyote nusu bado lipo. Tena saketi hurudisha nyuma sehemu ndogo ya sauti inayotoka ili ijisahihishe. Ndiyo maana noti inatoka imenyooka, inasimama, inakwisha pale ulipoiachia.

AC30 ni ya Dick Denney, fundi wa kampuni ya Jennings huko Dartford, Uingereza. Kabla yake kulikuwa na AC15, lakini bendi kama The Shadows zilihitaji nguvu zaidi. Vali zake nne za EL84 ni ndogo, wati kama 30, na ule mrejesho wa kujisahihisha haumo. Ukigonga uzi kwa nguvu kidogo, noti inabonyea kwanza halafu inavimba. Wapenzi wake wanasema inalia kama kengele. Sawa, ila mimi nasikia pia katikati iliyojaa, yaani sauti yenye kifua.

Wati zenyewe zisikudanganye. Kutoka 30 hadi 85 ni kama desibeli 4.5 tu, si sauti mara tatu. Unachonunua ni nafasi: unaweza kupandisha sana kabla vali hazijaanza kukwaruza.

Wasomaji wa riwaya tunalijua tatizo hili. Tunasema Rosa Mistika ya Kezilahabi ina lugha nyepesi, na Kuli ya Adam Shafi nayo ina lugha nyepesi, kisha tunanyamaza. Lakini wepesi wa Kezilahabi ni mkavu, unakata. Wa Adam Shafi umejaa watu, jasho na bandari.

Wapo wanaosema Twin ni baridi. Sikubaliani nao. Kwenye rumba au dansi, magitaa mawili matatu yanaposukana, kila noti inatakiwa ijue mpaka wake, na lile shimo la katikati linamwachia mwimbaji pa kupita. AC30 mbili kwenye wimbo huo zitagombania kiti kimoja. Hilo wanaloliita baridi ni kwamba haimfichii mpigaji kitu: mkono wa kulia ukilegea, ukumbi mzima unajua. Ila ukiwa peke yako chumbani, gitaa moja bila besi wala ngoma, Twin inaweza kukuacha mpweke. Hapo AC30 inaingia kama mgeni mchangamfu.

Ukilinganisha, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza. Sikio hudhani kilicho juu kidogo ndicho kizuri, na video nyingi za kulinganisha zinaangukia hapo. Angalia na gitaa pia. Lenye pikapu za koili mbili huisukuma AC30 mapema, wakati Stratocaster inaiacha ipumue.

Halafu weka ngoma. Mpiga ngoma mwenye mkono mzito atakulazimisha upandishe, na AC30 ikifika beti la pili imeshaanza kunguruma. Kunguruma kwenyewe ni kutamu sana, wengi wameinunua kwa ajili hiyo tu, lakini kufikia hapo ulinganisho wa sauti safi umekwisha. Twin bado imenyooka vile vile.