Insulini ya Toronto na Kazi ya Mwanafunzi

Habari ya kupatikana kwa insulini husimuliwa kama habari ya wazo. Usiku wa Oktoba 31, 1920, daktari wa upasuaji Frederick Banting aliandika kwenye daftari lake kwamba mbwa afungwe mirija ya kongosho, ziachwe zife chembe zinazotoa vimeng'enya vya kusaga chakula, kisha kitafutwe kwenye masalio kitu kinachotuliza sukari. Wazo lilimfikisha Chuo Kikuu cha Toronto, kwenye maabara ya Profesa J. J. R. Macleod, na kazi ikaanza Mei 1921. Lakini ilipofika Desemba mwaka huohuo, watafiti walikuwa wakikamua kongosho nzima za ng'ombe kwa alkoholi, na dawa ikafanya kazi. Mirija haikuwa na haja ya kufungwa. Ikiwa wazo lilianguka na ugunduzi ukabaki umesimama, basi nguzo yake ilikuwa kwingine, nami naiona kwenye mikono ya kijana wa miaka 22 aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shahada ya kwanza: Charles Best.

Banting alijua kupasua, ila hakuwa mzoefu wa kupima sukari ya damu. Tangu 1889, Minkowski na von Mering walipoonyesha kwamba mbwa akitolewa kongosho hupata kisukari, watafiti wengi walitegemea zaidi mkojo, na mkojo hueleza yaliyopita, tena kwa kuchelewa. Ili kujua kama dawa inafanya kazi ilibidi damu ya mnyama yuleyule ichukuliwe mara nyingi kwa siku moja, na njia za zamani zilidai damu nyingi mno kwa jambo hilo. Best alikuwa amefundishwa njia mpya, ya Lewis na Benedict iliyorekebishwa na Myers na Bailey, ambayo kwa damu kidogo hutoa rangi kwa asidi ya pikriki. Rangi ikikolea, sukari ni nyingi. Hakuibuni yeye. Alifundishwa darasani kabla mtu yeyote chuoni hajajua ingehitajika kwa lipi, na hapo ndipo ninapoiona heshima ya chuo. Julai 30, 1921, mbwa aliyetolewa kongosho alidungwa maji yaliyokamuliwa, na kwa muda wa saa moja sukari yake ikashuka kutoka asilimia 0.20 hadi 0.12. Bila kipimo kile, kitu pekee ambacho kingeonekana ni mbwa mgonjwa aliyelala.

Wala umahiri huo haukuja wenyewe. Mwanzoni mwa majira yale ya joto Banting alimkaripia Best kwa vyombo vichafu na vipimo visivyoaminika, na Best akaviosha vyote na kutengeneza upya kemikali zake. Mwanafunzi aliyerudia kazi namna hiyo ndiye aliyeyapa majibu ya Julai uzito wake.

Kuna wanaopinga, na hoja zao ni nzito. Wa kwanza watasema kwamba Zuelzer huko Berlin, Kleiner huko New York na Paulescu huko Bucharest walikwisha kuona kongosho ikituliza kisukari. Ni kweli, na Paulescu alitangaza majibu yake mwaka uleule wa 1921. Haki yake haifutiki. Kilichoongezwa na Toronto ni mwendo usiokatika, kutoka kwa mbwa hadi kwa mgonjwa, kila hatua ikiamuliwa kwa kipimo. Wa pili watasema kwamba aliyeifanya dawa iwe dawa ni James Collip, mtaalamu wa kemia. Nao wana haki. Januari 11, 1922, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alidungwa dawa iliyotengenezwa na Banting na Best katika Hospitali Kuu ya Toronto. Sukari ilipungua kidogo tu, mahali pa sindano pakavimba, na matibabu yakasitishwa. Januari 23 akadungwa dawa iliyosafishwa na Collip, aliyekuwa amepata kiwango cha alkoholi kinachoitenga insulini, na kijana akapata nafuu. Lakini kushindwa kwa Januari 11 kulijulikana upesi kwa sababu damu ilipimwa. Kipimo kilichomtia moyo Best mwezi Julai ndicho kilichomkana Januari, na chuo kikakitii.

Ushahidi ninaoupa uzito kuliko wote ulitoka kwa mkosoaji. Mwishoni mwa 1922 Ffrangcon Roberts wa Cambridge alizisoma takwimu zilizochapishwa na Banting na Best, akaonyesha kwamba hazikuthibitisha faida yoyote ya kufunga mirija. Aliyapata hayo katika majedwali yao wenyewe. Vijana wale walichapisha namba zilizowahukumu, badala ya kuchagua zile tu zilizowapendeza.

Tuzo ya Nobel ya 1923 ilipewa Banting na Macleod. Banting alimgawia Best nusu ya fedha zake, naye Macleod akamgawia Collip. Chuo chenyewe kilitoa hukumu yake miaka sita baadaye: Macleod alipokuwa ameondoka, kiti chake cha uprofesa wa fiziolojia alipewa Best, akiwa na umri wa miaka 30.