Kutoka Maishani hadi Kitabuni: Tippu Tip na Mbotela

Imekuwa desturi ya baadhi ya wahakiki wetu kuisifu hadithi kwa sababu tu mambo yake yalitokea kweli. Makala haya yanapinga kipimo hicho. Kutokea kwa jambo ni mali ya historia. Kuwa kwake hadithi hutegemea anayesimulia na yule anayesimuliwa. Tutazame maandishi mawili yaliyotokana na njia za misafara.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, naye Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni maandishi ya mfanyabiashara: safari, madeni, pembe kwa frasila, vita na watawala wa bara. Wapagazi na mateka wamo, lakini wamo kama shehena. Hatuambiwi waliona nini. Ukavu huo si udhaifu wa lugha. Ni jicho la mtu asiyepata kufungwa mnyororo shingoni.

James Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa (1934), anasimama upande wa pili. Baba yake alikuwa miongoni mwa watumwa waliookolewa baharini na Waingereza na kuwekwa Freretown, karibu na Mombasa. Basi hapa tungetazamia kuisikia sauti ile iliyokosekana kwa Tippu Tip. Tunaisikia katika habari za kutekwa na mwendo wa kuelekea pwani. Kisha inafunikwa na shukrani. Kadiri mkombozi anavyosifiwa, ndivyo aliyekombolewa anavyopungua, hata akabaki kuwa ushahidi wa wema wa Mwingereza.

Wako watakaosema kwamba mtoto wa aliyeokolewa ana haki ya kushukuru. Ni kweli, wala hatumlaumu kwa hilo. Lakini kushukuru ni jambo moja, na kuiacha shukrani ipange hadithi nzima ni jambo jingine. Mtu aliyepotezewa nduguze na kwao hakumaliza habari yake siku aliposhuka merikebuni.

Wanafunzi wetu wanaoandika habari za wazee wao wasiulize tu ni nini kilichotokea. Waulize pia hadithi inaelekezwa kwa sikio la nani, na ni nani anayenyamazishwa ili sikio hilo lipendezwe.