Gran Turismo 5: Hesabu ya Miezi Sita kwa Kila Gari

Aliyenunua Gran Turismo 5 mwishoni mwa Novemba 2010 hakuanza kwa kukanyaga mafuta. Alianza kwa kungoja. Alipotia diski kwenye PlayStation 3 yake, gemu ilimuuliza kama angependa kuipakia kwenye mashine ili ifunguke haraka zaidi baadaye, na akikubali, upakiaji ulikula zaidi ya nusu saa. Siku zile za mwanzo menyu nazo zilisuasua, maana seva zilielemewa na umati. Kwa mtu aliyekuwa amesubiri takriban miaka sita tangu Gran Turismo 4, nusu saa haikuwa kitu. Kilichomshtua kilikuja baadaye: magari mawili yaliyosimama sambamba kwenye mstari wa kuanzia yalionekana kama yametoka katika gemu mbili tofauti.

Na kweli yalitoka katika gemu mbili tofauti. Ukilielewa hilo, maoni yaliyogongana ya wiki za kwanza yanaeleweka pia, yale ya waliosema hawajawahi kuendesha kitu kinachokaribia uhalisia kiasi hiki na yale ya waliojiona wameuziwa gari la zamani lililopakwa rangi upya. Wote walikuwa wanasema kweli.

Kazunori Yamauchi, mkuu wa studio ya Polyphony Digital huko Japani, alikuwa na deni kubwa kwa wachezaji wake. Gran Turismo 4 ilitoka Japani Desemba 2004 ikiwa na magari zaidi ya 700. PlayStation 3 ilipoingia sokoni Novemba 2006, watu walitarajia toleo la tano lifuate upesi. Badala yake walipewa vionjo: Gran Turismo HD Concept mwishoni mwa 2006, kisha Gran Turismo 5 Prologue Desemba 2007. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba gemu kamili ingekuwa na magari 1,000. Tarehe za kutoka zikasogezwa, zikasogezwa tena, na hata ile ya tarehe 2 Novemba 2010 ikafutwa wiki chache kabla ya kufika. Diski ilitoka tarehe 24 mwezi huohuo.

Ile namba 1,000 ndiyo iliyozaa neema na balaa kwa pamoja. Yamauchi amewahi kueleza kazi yake kwa kadirio jepesi: enzi za PlayStation ya kwanza, gari moja lilichongwa kwa siku moja, kwenye PlayStation 2 likahitaji mwezi, kwenye PlayStation 3 likahitaji miezi sita ya mtu mmoja. Sasa zidisha. Magari 1,000 kwa miezi sita ni miezi 6,000, yaani miaka 500 ya kazi ya mtu mmoja. Hata ungeweka wachongaji 100 wasiogusa kitu kingine chochote, wasiochonga viwanja wala menyu, ungehitaji miaka mitano mizima. Hakuna studio ya ukubwa ule iliyoweza kumaliza kazi hiyo kwa muda uliokuwapo.

Suluhisho lao lilikuwa la fundi aliyebanwa na tarehe. Magari zaidi ya 200 yalichongwa upya kuanzia sifuri, yakapewa jina la Premium. Mengine kama 800 yalichukuliwa kutoka Gran Turismo 4 na kutoka toleo la PSP la 2009, yakasafishwa kidogo, yakaitwa Standard. Tofauti baina ya makundi hayo haikuwa ndogo hata kidogo: gari la Gran Turismo 4 lilijengwa kwa vipande bapa kama 4,000, wakati la Premium lilijengwa kwa vipande laki kadhaa.

Ingia ndani ya Mercedes-Benz SLS AMG, gari lililopamba jalada. Mshono wa ngozi kwenye usukani unaonekana uzi kwa uzi, sindano ya mwendo inapanda kwenye dashibodi, na mikono ya dereva inazunguka sawasawa na usukani ulioushika wewe. Mvua ikinyesha, wipa zinafagia kioo cha mbele. Kisha hamia kwenye gari la Standard. Hakuna ndani. Kamera ya kiti cha dereva haipo kabisa. Vioo ni vyeusi, mistari ya milango imechorwa juu ya bati badala ya kuchongwa, maandishi ya nembo yana ukungu ukiyasogelea, na rimu hazibadilishwi. Ukitazama kwa nyuma katikati ya mashindano, mwendo ukiwa mkali, huenda usigundue. Lakini baada ya kila mbio gemu hukuonyesha marudio kwa kamera za karibu, na hapo ndipo tofauti ilipokuwa ikiwaumbua watengenezaji.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa kuna jambo la kutazamwa hapa. Toyota Vitz, Altezza, Chaser: magari ambayo huku tunayajua kwa sauti za injini zake, yaliyofika kwa meli kutoka Japani yakiwa yametumika, yalikuwemo, na yalikuwa kwenye kundi la Standard. Ndani ya gemu pia yaliuzwa kwenye yadi ya magari yaliyotumika, na orodha yake ilibadilika kadiri ulivyoshindana. Yangeondolewa yale 800, gemu ingebaki safi kwa macho lakini ingepoteza nusu ya roho yake, kwa sababu tangu mwanzo Gran Turismo ilikuwa kitabu cha historia ya gari la kawaida la Kijapani, la bei nafuu, lililoboreshwa taratibu hadi likawafukuza wakubwa. Kuyabakiza ulikuwa uamuzi sahihi. Kosa lilikuwa kutangaza namba kwanza na kuchelewa kueleza waziwazi kwamba kulikuwa na makundi mawili. Tena ndani ya namba hiyo mlikuwa na Skyline GT-R na Mazda MX-5 za matoleo chungu nzima, yanayotofautiana kwa mwaka au kwa herufi moja mwishoni mwa jina.

Barabarani hadithi inabadilika.

Chukua Lotus Elise uende Nordschleife, ule mzunguko wa Ujerumani wenye urefu wa karibu kilomita 20.8. Ukiteremka Fuchsröhre kwa kasi, barabara inazama kisha inainuka ghafla. Pale chini gari linadidimia kwenye springi zake, usukani unakuwa mzito. Linapopanda, uzito unatoka kwenye matairi ya mbele na mikono inahisi wepesi, kiasi kwamba ukikata kona wakati huohuo gari halikusikii. Mbele zaidi, kwenye kona ya Karussell, tairi za upande wa ndani zinaingia kwenye zege lililoinama na kila kiungo cha zege kinagonga usukani. Vitu hivi havikuchorwa. Vinatokana na hesabu ya uzito, springi na matairi inayofanywa upya wakati wote gari likiwa kwenye mwendo, na hesabu hiyo ilikuwa ileile kwa gari la Premium na la Standard. Vitz yenye vioo vyeusi ilibeba uzito wake kwa uaminifu uleule wa SLS.

Ndiyo maana kifaa alichoshika mchezaji kiliamua nusu ya hukumu yake. Mwenye usukani wa Logitech Driving Force GT, unaozunguka nyuzi 900 na kurudisha nguvu mikononi, alizipokea taarifa zile zote. Mwenye pedi ya kawaida alipokea mtetemo tu, akabaki kuhukumu kwa macho, na macho ndiyo yaliyokuwa na mengi ya kulalamikia.

Macho yaliona nini? Studio ilishikilia picha 60 kwa sekunde, kwa magari 16 barabarani, wakati Gran Turismo 4 ilikuwa na sita. Picha 60 kwa sekunde maana yake kila picha ina muda usiofika milisekunde 17 wa kuandaliwa. PlayStation 3 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256 na nyingine 256 kwa ajili ya picha peke yake. Juu ya hapo waliongeza mvua, theluji, na mchana unaogeuka usiku kwenye baadhi ya viwanja. Kitu fulani kilibidi kikatwe, na kilichokatwa ni ubora wa vivuli. Ndani ya gari la kifahari lililochongwa kwa miezi sita, kivuli cha nguzo ya kioo kilipita juu ya dashibodi kikiwa na meno kama msumeno. Moshi wa matairi na manyunyu ya maji vilichorwa kwa picha za ubora wa chini, hivyo gari likipita nyuma ya moshi kingo zake zilivunjikavunjika. Mvua ikizidi na magari yakisongamana, mwendo wa picha ulishuka na skrini ikaonekana kama imechanwa katikati.

Kwa uchambuzi huu, kubadilishana huko kulikuwa halali. Mbio za usiku kwenye uwanja wa saa 24 wa Nürburgring, taa za mbele zikimulika ukungu na jua likichomoza baada ya saa nyingi, zilistahili vivuli vichache vibovu.

Yaliyo magumu kutetea ni mengine. Sauti za injini nyingi zilikuwa nyembamba mno, na wachezaji wengi walizifananisha na kifyonza vumbi. Wapinzani wanaoendeshwa na mashine walifuatana kwenye mstari mmoja kama mabehewa ya treni. Ukimgonga mpinzani kwa kasi kubwa, gari lilibonyea kidogo tu na kuendelea. Ukosefu wa mwonekano wa ndani kwenye magari ya Standard nao ulikera zaidi kwa kuwa Forza Motorsport 3 ya Xbox 360, iliyotoka mwaka mmoja kabla, ilikuwa na magari zaidi ya 400, na yote yalikuwa na mwonekano wa ndani. Halafu kulikuwa na mfumo wa viwango: mashindano na hata magari yalifungwa hadi ufikishe kiwango fulani, kwa hiyo mwenye fedha za kutosha ndani ya gemu aliweza kulitazama gari dukani na kuzuiwa kuliendesha. Gemu ilipotoka, mashindano ya saa 24 hayakuwa na njia ya kuhifadhi ulipofikia. Mtu alilazimika kuacha mashine ikiwaka usiku kucha.

Wastani wa wahakiki kwenye Metacritic ulisimama kwenye 84, baada ya 89 ya toleo la nne na 95 ya toleo la tatu. Hata hivyo nakala zaidi ya milioni 10 ziliuzwa.

Studio haikukaa kimya. Sasisho la Spec 2.0 la Oktoba 2011 liliwezesha kuhifadhi katikati ya mbio ndefu, na likawapa magari ya Standard mwonekano wa ndani, japo ni kivuli cheusi tu cha dashibodi. Mwaka huohuo GT Academy, shindano la kusaka madereva lililoandaliwa pamoja na Nissan, lilitumia gemu hii kuchuja washiriki. Aliyeibuka mshindi upande wa Ulaya, Jann Mardenborough, alishika nafasi ya tatu kwenye mbio za Le Mans mwaka 2013 katika daraja la LMP2, miaka miwili tu baadaye. Hesabu ya uzito na matairi ilikuwa imepata shahidi wake.

Gran Turismo 6 ya 2013 ilipandisha namba hadi 1,200, na magari ya Standard yakabaki humo. Ilipofika Oktoba 2017, Gran Turismo Sport ikayaacha yote nje: magari chini ya 200, kila moja limechongwa upya ndani na nje. Vitz haikuwemo, Altezza haikuwemo, na lalamiko lililotawala wiki ya kwanza lilikuwa kwamba magari ni machache mno.