Mjumbe hauawi, ila mwilini: Somo la homoni lililonisuta

Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu wa isimu kwamba ukitaka kueleza homoni kwa Kiswahili chepesi, sema "mjumbe". Homoni ni mjumbe wa kemikali anayetoka kwenye tezi, akasafiri katika damu na kupeleka habari kwenye kiungo kingine. Niliiona sitiari hiyo kuwa safi, na nimeitetea katika semina zaidi ya moja. Leo naandika ili niirekebishe, maana nimeiona ikitembea kwa miguu yake na kujikwaa mbele ya macho yangu.

Ilikuwa katika shule moja ya upili nje kidogo ya mji wa Nakuru, upande wa Njoro. Mwalimu wa Biolojia wa Kidato cha Nne, ambaye mamake ni jirani yangu, alinialika nikamtazame akifundisha. "Prof, wewe husema ati sisi wa sayansi tunaua lugha. Njoo ujionee," aliniambia. Nikaenda.

Uwanjani palikuwa na umbo la mtu lililochorwa kwa chokaa, refu kama hatua ishirini. Mwanafunzi mmoja alisimama shingoni akiwa thairoidi, wawili juu ya figo wakiwa adrenali, mmoja chini ya ubongo akiwa pituitari, na mvulana mrefu akasimama nyuma ya tumbo akiwa kongosho. Kamba iliyozungushwa mwili mzima ilikuwa mkondo wa damu. Wengine walikuwa ini, misuli na mifupa, kila mmoja na kufuli shingoni. Mwalimu alipopuliza kipenga, kongosho alichukua bahasha iliyoandikwa "Insulini: kwa Ini", akaifuata kamba, akaikabidhi, kisha akarudi mbio mahali pake kungoja kipenga kingine.

Sijawahi kuona somo la Biolojia lenye uhai namna ile. Sisi enzi zetu tulinakili jedwali la safu tatu, yaani tezi, homoni na kazi yake, tukalikariri hadi siku ya mtihani, tukalisahau kesho yake. Hapa hakuna aliyesinzia. Kwa hiyo nisieleweke kwamba napinga mafunzo ya vitendo. Nayaunga mkono, na ndiyo maana nataka yafanywe sawasawa.

Mtindo huo una historia yake nchini. Mwaka wa 1998 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Japani, ilianzisha mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za upili, ambao walimu wanaujua kwa jina SMASSE. Mradi huo uliwahimiza walimu wazingatie mambo manne: shughuli, mwanafunzi, majaribio, na ubunifu wa vifaa kutokana na vilivyopo. Ni mambo mazuri yote. Lakini hebu yahesabu tena: shughuli, mwanafunzi, majaribio, ubunifu. Lugha haimo.

Turudi uwanjani. Mchezo ule ulikuwa na makosa matatu, na yote ni makosa ya sitiari kabla ya kuwa makosa ya sayansi.

La kwanza ni bahasha. Bahasha ina anwani, homoni haina. Kongosho haliiambii insulini iende kwa ini. Linaimimina katika damu, na damu inaizungusha kila mahali. Kinachoamua nani aitikie ni vipokezi vilivyo kwenye seli. Seli yenye kipokezi cha homoni hiyo huitikia, na isiyo nacho hupitwa tu kama mtu anayesikia lugha asiyoijua.

La pili ndilo lililonisuta. Mjumbe wetu alirudi! Waswahili tunasema mjumbe hauawi. Katika desturi za watu, mjumbe hulindwa hata na adui, akarudi salama alikotoka. Mwilini mambo ni kinyume kabisa. Mjumbe huuawa, na sharti auawe. Insulini iliyotolewa na kongosho huwa imepungua kwa nusu katika damu baada ya dakika tano hivi. Ini, figo na seli zilezile zinazoipokea ndizo zinazoivunjavunja. Thairoksini hudumu zaidi, kwani huichukua takriban wiki nzima kupungua kwa nusu, lakini nayo mwisho wake ni huohuo. Kama wajumbe hawa wangeachwa hai, amri iliyotolewa saa mbili asubuhi ingekuwa bado inatekelezwa saa kumi jioni, ilhali hali imekwisha kubadilika.

La tatu ni kipenga. Aliyeamuru insulini itoke alikuwa mwalimu. Mwilini hakuna mwalimu. Sukari ikipanda katika damu, kongosho lenyewe huihisi na kutoa insulini. Sukari ikishuka, kongosho hupunguza insulini na kutoa homoni nyingine, glukagoni, inayolifanya ini liachilie sukari ya akiba. Sukari yenyewe ndiyo inayopuliza kipenga, na katika mchezo ule sukari haikuwapo kabisa.

Huenda msomaji ukauliza: profesa wa Kiswahili ana uchungu gani na kongosho? Basi sikiliza kilichofuata.

Somo zima lilikuwa la Kiingereza, kama sera inavyotaka. Lilipokwisha niliomba ruhusa niulize swali moja kwa Kiswahili: tezi ni nini? Kimya. Kisha mvulana mmoja akajibu kwa uhakika, "Tezi ni ugonjwa wa wazee." Darasa likaangua kicheko, lakini mimi sikucheka. Redioni yeye husikia "saratani ya tezi dume", akalifupisha jina akabaki na "tezi". Kiungo kikawa ugonjwa. Nikauliza rovu ni nini. Hakuna aliyejua, ilhali wazee wa nyanda za juu za Bonde la Ufa wanaukumbuka vyema uvimbe huo wa shingo, uliotokea thairoidi ilipokosa iodini na kujitanua katika kuhangaika kuitengeneza homoni yake. Pakiti ya chumvi iliyotiwa iodini, ambayo ipo katika kila jikoni Nakuru, ingetosha kuwa somo la vitendo: isome, ueleze kwa nini iodini imo, ueleze rovu limekwenda wapi.

Ndipo msichana mmoja aliyekuwa misuli katika mchezo alipoinua mkono. "Prof, shosho yangu hujidunga insulini. Siku moja alijidunga asubuhi akaenda kuvuna viazi kabla hajakula. Akatetemeka, akatoka jasho jingi, akaanguka. Mimi nilikuwa nimesoma insulini, na kwa mtihani nilipata zote. Lakini nilikuwa naijua kwa Kiingereza tu. Nikamwambia, shosho, uwe unakula dawa vizuri."

Kula dawa! Insulini hailiwi. Ni protini, na ukiimeza, vimeng'enya vya tumboni vitaimeng'enya kama vinavyomeng'enya maharagwe. Ndiyo sababu inadungwa. Hata hilo lina somo lake la vitendo ambalo wapishi wa Mombasa wanalijua bila maabara: nyama ya mishikaki hupakwa papai bichi ili ilainike, kwa kuwa utomvu wa papai una kimeng'enya kinachovunja protini. Weka kipande cha nyama kilichopakwa papai karibu na kisichopakwa, ngoja saa chache, uviguse vyote viwili. Mwanafunzi atakayevigusa hataandika tena kwamba insulini inamezwa.

Tazama sasa jinsi sitiari ya mjumbe anayerudi ilivyomwacha msichana yule bila msaada. Insulini ya sindano hukaa chini ya ngozi na kuingia katika damu kidogo kidogo, kwa hiyo kazi yake huendelea muda mrefu kuliko ya ile inayotoka kwenye kongosho. Isitoshe, kongosho linaweza kupunguza insulini yake sukari ikishuka, lakini iliyokwisha kudungwa hakuna awezaye kuirudisha. Aliyejidunga kisha akakosa chakula, sukari yake itazidi kushuka hadi atetemeke na kuanguka. Mtoto anayedhani mjumbe hufikisha barua akaenda zake nyumbani hawezi kulieleza jambo hili. Anayejua kwamba mjumbe huuawa anaweza: "Shosho, wajumbe wa kongosho hufa upesi. Wa sindano huingia mmoja mmoja kwa muda mrefu, na hakuna wa kuwazuia. Fuata saa ulizopewa kliniki, na chakula kiwe tayari kabla ya sindano." Maneno hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji Kiswahili, au Gikuyu, au Kalenjin, na mtoto aliyeshawahi kuyatamka darasani.

Istilahi si kisingizio. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Kongosho, tezi na kimeng'enya si maneno ya jana. Shida ni kwamba tunayaweka kamusini kama vyombo vya wageni, vya kutazamwa kabatini.

Lakini tusiisifu kila istilahi kwa kuwa ni yetu. Wenzetu wa Tanzania aghalabu huziita homoni "vichocheo". Neno hilo lina ukoo mzuri. Ernest Starling alipolitumia neno la homoni katika mihadhara yake London mwaka wa 1905, alilitoa katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha au kuchochea. Lakini neno hilohilo la kichocheo latumika katika kemia kwa kitu kinachoharakisha mmenyuko, na tena si kila homoni huchochea. Zipo zinazozuia, kama somatostatini, ambayo hupunguza utoaji wa homoni nyingine. Mwanafunzi akikariri kuwa homoni ni kichocheo, zuio litamshangaza. Mimi ningebaki na "homoni" kwa jina, nikatafuta sitiari bora kwa maelezo.

Na sitiari hiyo sikuibuni mimi. Ilitoka kwa mvulana yule wa "ugonjwa wa wazee". Nilipoeleza habari ya anwani, akaruka: "Prof, si basi ni kama makanga wa steji! Anaita 'Gilgil! Naivasha!' Watu wote wanasikia, lakini anayeenda Naivasha ndiye anapanda." Sijapata maelezo bora ya kipokezi katika kitabu chochote cha shule. Makanga hana anwani ya mtu. Ana sauti, na sauti yenyewe hupotea hewani. Abiria wakijaa, ananyamaza. Ndani ya steji moja ya Nakuru tumepata utoaji, usafirishaji, kipokezi, kufifia kwa ujumbe na kujidhibiti kwa mfumo.

Kwa hiyo nilimpendekezea mwalimu mambo manne. Kwanza, aondoe anwani kwenye bahasha na kuwapa wanafunzi vipokezi vya rangi. Homoni ipite kwa wote, aitikie mwenye rangi yake tu. Pili, ini na figo wachane kila kadi inayowafikia. Tatu, atupe kipenga. Mahali pake aweke sinia la maharagwe yawe glukosi, lenye mstari wa kiwango cha kawaida. Yakizidi mstari kongosho litoe kadi, yakipungua linyamaze. Kabla ya kuanza, awaonyeshe kijiko kimoja cha chai cha sukari na kuwaambia kwamba damu yote ya mtu mzima mwenye afya, lita tano hivi, hubeba glukosi ya kiasi hicho tu. Kisha waitazame chai wanayoinywa nyumbani, yenye vijiko vitatu, waone kazi inayolisubiri kongosho.

Nne, na hili ndilo langu hasa: dakika kumi za mwisho ziwe za kueleza. Kila mwanafunzi amweleze mwenzake, kwa lugha inayozungumzwa kwao, kana kwamba anamweleza nyanya yake. Mtihani ubaki wa Kiingereza, sigombani na sera leo. Lakini Katiba ya 2010 iliyokifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi haikusema kinyamaze mlangoni pa maabara. Kitendo bila maneno huishia uwanjani. Mkono hukumbuka kwamba ulikimbia na bahasha, lakini mdomo hauna la kumwambia mgonjwa aliye nyumbani.

Mwalimu alilirudia somo wiki iliyofuata na akanialika tena. Mvulana aliyekuwa ini alinijia mwishoni, mikono imejaa vipande vya karatasi. "Prof, leo nimeua wajumbe kumi na wanane," alisema. Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu kwa Kiswahili, bila kusita: "Ningewaacha, sukari ingeisha."

Nilikwenda nyumbani nikafungua maandishi yangu ya semina, nikaifuta ile sentensi kuhusu mjumbe.