Msomaji wa Mhadhara

Mihadhara ya dini haijaisha Pwani. Kuanzia Kibaha Maili Moja hadi vilima vya Kisarawe, maswali ni yale yale waliyoyaacha wazee: Yesu ni Mungu au ni mtume? Alikufa msalabani au hakufa? Biblia hii imehifadhika au imeguswa na mikono ya watu? Vipaza sauti vipo, tena vikubwa kuliko vya zamani. Anayezidi kuadimika ni mtu ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye tangazo: msomaji. Huyu alikaa kando ya mhadhiri, mbele yake Biblia na tafsiri ya Kurani, vipande vya karatasi vimechomoza katikati ya kurasa. Mhadhiri akitaja kitabu, sura na mstari, mwenzake amekwisha fika. “Soma!” Anasoma. “Hapo hapo! Rudia.” Anarudia, neno kwa neno. Kisha upande wa pili wa uwanja mtu anapaza sauti: “Endelea! Soma na unaofuata!” Hapo ndipo alipopimwa. Mstari unaofuata huenda ukabomoa alichokijenga mhadhiri wake mwenyewe, naye hana budi kuusoma kwa sauti ile ile.

Nashikilia kwamba heshima ya mjadala wa maandiko ilikaa kwenye ulimi wa msomaji kuliko kwenye ufasaha wa mhadhiri. Chukua Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 5, mstari wa 8, katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952. Maneno yanayomtaja Baba, Neno na Roho kuwa mashahidi wa mbinguni yametiwa ndani ya mabano. Mabano hayana sauti. Msomaji mzembe huyapita kama dereva apitaye tuta usiku, na uwanja mzima ukatawanyika bila habari. Msomaji mwaminifu husimama akasema: hapa pana mabano, yanaanzia neno hili, yanaishia lile. Ndipo mjadala wa kweli unapoanza. Asiyeamini anauliza mabano hayo yamefuata nini. Mkristo aliyejiandaa hajifichi: maneno hayo hayamo katika nakala za kale za Kigiriki, mwanazuoni Erasmus hakuyaweka katika chapa yake ya Agano Jipya ya mwaka 1516, akayaingiza mwaka 1522 baada ya kushutumiwa. Lakini anaongeza kwamba mabaraza ya Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381 yaliamua yaliyoamua kuhusu Utatu bila kuuegemea mstari huo, na kwamba waliotia mabano ni Wakristo wenyewe. Mpinzani anaondoka na ushahidi kwamba maandishi yaliwahi kuongezewa. Muumini anaondoka na ushahidi kwamba nyongeza haikufichwa. Kila mmoja katoa kitu, kapata kitu, na aliyewakutanisha hakutoa hoja hata moja.

Kuna jambo dogo kuliko hata mabano. Mwanzoni mwa Injili ya Yohana, Biblia ya Muungano inasema Neno alikuwa Mungu, kwa herufi kubwa. Biblia ya Mashahidi wa Yehova inaandika mungu, kwa herufi ndogo. Zisome zote mbili uwanjani: sikio halitambui tofauti yoyote. Aliyeinamia kitabu peke yake ndiye anayeiona, na uaminifu unamtaka aitaje. Fundi wa hoja anajua kwamba nakala za kale ziliandikwa kwa herufi kubwa tupu, hivyo ukubwa wa herufi hauwezi kumaliza ubishi. Kiini chake ni kineno kidogo ambacho Kigiriki hutanguliza mbele ya jina, na ambacho mahali hapo hakipo. Kiswahili hakina kineno cha namna hiyo, basi mfasiri akalazimika kuamua kwa herufi. Anayefahamu hili hamwiti mwenzake mwongo. Anamwonesha mlango ambao kila mmoja aliuingia.

Ufundi huu una ukoo wake. Zanzibar ya karne ya 19, Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, alijadiliana na Askofu Edward Steere. Uzaramoni, wamisionari wa Berlin walifungua vituo Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895, na mwaka 1912 mmoja wao, Martin Klamroth, akachapisha utafiti kuhusu Uislamu katika koloni la Wajerumani. Nia yake haikuwa ya urafiki, wala haifai kuipamba, lakini alielewa kwamba humjibu usiyemjua. Kanoni Godfrey Dale alitoa Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923. Mwaka 1969 ikatoka tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Mwaka 1987 Mussa Fundi Ngariba na Mohammed Ali Kawemba wakatoa Uislamu katika Biblia, na jina la kitabu linatosha kuonesha walikuwa wakilima shamba la nani. Wengi wao, kwa nia safi au ya vita, walifungua kitabu cha mwenzao.

Wapo watakaosema mihadhara ilileta chuki, na kwamba ni heri ife. Hawasemi ovyo. Februari 1998, Mwembechai jijini Dar es Salaam, mzozo uliotokana na mahubiri uliishia kwenye risasi na vifo. Lakini hoja na tusi ni vitu viwili, na sheria yenyewe inavitenganisha. Katika barabara hii hii ipitayo Kibaha, mbele kule Morogoro, mhubiri wa Kiislamu alitiwa hatiani kwa kutamka hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mwaka 2003, katika shauri la mhubiri huyo, Dibagula, Mahakama ya Rufani ilifuta hatia hiyo. Kosa linalotajwa na kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ni kukusudia kuumiza hisia za kidini. Kuitamka imani yako, hata ikipingana na ya jirani, peke yake hakuthibitishi kusudio hilo. Na anayelazimika kusoma maandiko mpaka mwisho hupata nafasi ndogo sana ya kutukana.

Wengine watasema imani haizaliwi kwa ubishi. Kweli, lakini huzaliwa pia kwa kusoma: kwa Waislamu wahyi wa kwanza ulianza kwa amri ya kusoma, na katika Matendo ya Mitume Filipo alianza kwa kumuuliza Mkushi kama anaelewa anachosoma. Hata asiyeamini kitabu chochote hudai jambo lile lile anapouliza: imeandikwa wapi, na kabla yake kumeandikwa nini?

Siku hizi mjadala hukatwa vipande vya dakika moja, vikarushwa kutoka simu hadi simu. Mhadhiri anataja mstari kwa kichwa, nusu yake, anacheka, kipande kinakwisha. Kinakwisha pale pale ambapo mtu wa upande wa pili angepaza sauti: “Endelea!” Leo akipaza, anapazia kioo cha simu, na hakuna wa kumsomea.